Nilimwambia mama yake ana disleksia, sasa mtoto haji shule

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Likoni, Mombasa. Nina miaka 33 na nafundisha Gredi ya 3, watoto 58 darasa moja. Nakuandikia kwa sababu ya kijana mmoja, na kila nikilala nahisi mkosa ni mimi.

Ana miaka tisa. Ni mchangamfu, ana adabu, na kwenye hesabu za kichwa yeye ndiye huinua mkono wa kwanza. Kusoma ndiko hawezi. Muda mrefu sikujua, maana akisimama na kitabu cha Kiswahili husoma bila kukwama. Siku moja nikawa nimesimama nyuma yake. Hadithi ilikuwa ikimtoka vizuri, neno baada ya neno, lakini kidole chake kilikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa, na maneno aliyokuwa akiyasema yalikuwa ya mstari wa pili. Alikuwa ameihifadhi kwa kuwasikiliza wenzake. Nikamfunulia ukurasa ambao hatujaufikia. Akanyamaza, akaanza kukunja pembe ya karatasi.

Sikusomea elimu maalum. Chuoni tuliigusa tu na kuendelea. Basi mwezi wa pili nikajiandikisha kozi ya mtandaoni ya walimu kuhusu wanafunzi wenye changamoto za kujifunza: saa sita za video, maswali ya kuchagua jibu, cheti mwisho. Nilisoma usiku watoto wangu wakishalala, simu iko kwenye chaji, bando la pesa yangu. Tulitakiwa tutoe mfano wa mwanafunzi mmoja, nikapiga picha daftari lake nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kozi. Wenzangu wakasema dalili zote ni za disleksia, ule ugumu wa kusoma.

Nikamwita mama yake shuleni. Nikamwambia mwanawe ana disleksia, ni hali ya ubongo, na kwamba huenda kusoma Kiarabu madrasa, kutoka kulia kwenda kushoto, ndiko kunakomchanganya, kwa hivyo ampunguzie madrasa kwa muda. Shangazi, yule mama alinitazama kama nimemtukana. Akaniambia, "Mwanangu amehifadhi juzuu Amma yote ya Kurani, ustadhi wake humsifu mbele za watu. Wewe waniambia ana ugonjwa wa ubongo?" Hii ni wiki ya tatu mtoto haji. Nasikia ataka kumpeleka Kisauni, ng'ambo ya feri, kwa dada yake akasome huko.

Mwalimu mkuu aniambia niachane naye, watoto kama hao wana shule zao maalum. Mume wangu asema nimepoteza pesa na usingizi. Mimi nimeona kozi nyingine, ya chuo cha nje, miezi minne, yote mtandaoni, shilingi 38,000. Nafikiria nikope kwenye chama chetu cha akiba niisome, kisha nirudi kwa yule mama nikiwa najua ninachosema. Nifanye hivyo? Na je, cheti hicho TSC, tume ya walimu, watakihesabu?

Mwalimu wa Gredi ya 3, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Usikope. Hilo nalitanguliza kwa sababu vyama vingi hukutana mwisho wa mwezi, na sitaki jibu langu likukute umeshatia sahihi. Kozi ya miezi minne itaisha mtoto ameshavuka feri kitambo, yuko katika darasa jipya ambako hakuna anayejua habari ya kile kidole.

Nacho kile kidole hukufundishwa na video. Ulisimama nyuma ya mtoto, ukatazama anakoelekeza, ukaona. Nimefundisha mji huu miaka 31 na nakwambia wengi wetu tulistaafu bila kusimama nyuma ya mtoto hata mara moja; tulisimama mbele, karibu na ubao, tukasikiliza sauti zikiitikia kwa pamoja. Kwa hivyo usijione hujui kitu. Ulichokosea ni hatua iliyofuata, na hiyo yarekebishika.

Ngoja nikwambie langu. Zamani, nikiwa Changamwe, nilikuwa na mtoto wa darasa la pili ambaye nikimwita haitiki. Nikamwona jeuri. Nikampeleka nyuma kabisa, na nilimchapa, maana kiboko kilikuwa hakijapigwa marufuku. Marufuku ilikuja 2001. Shangazi yake ndiye aliyekuja kuniambia kuwa masikio yake yalikuwa yakitoka usaha tangu mchanga. Hakuwa akinisikia. Mimi nami nimemweka mbali zaidi na sauti yangu, kisha nampiga kwa kutonisikia. Alipokuwa mtu mzima nilimtafuta nikamwomba radhi, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu hapo, mtoto yeyote asiyesoma, swali langu la kwanza huwa moja: anasikia? La pili: anaona? Barua yako yote sikuliona hata moja. Mtu wa kliniki ampime macho na masikio kabla neno disleksia halijatajwa tena na yeyote.

Sasa disleksia yenyewe. Ni hali ya kweli, na haina uhusiano na akili. Mara nyingi ugumu wake uko kwenye kuzikamata sauti ndogondogo za neno na kuziunganisha na herufi zake. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo herufi husomwa jinsi ilivyoandikwa, mtoto mwenye hali hii mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila polepole mno, kwa jasho. Kiingereza ndicho humwangusha kabisa, kwa kuwa kina herufi zilizokaa kimya tu ndani ya neno na sauti moja yenye tahajia tano. Kugeuza herufi b ikawa d, jambo ambalo huenda lilikushtua kwenye lile daftari, hata watoto wasio na tatizo lolote hufanya wanapoanza kusoma. Na mtoto wa miaka tisa asiyesoma katika darasa la watoto 58 anaweza kuwa na sababu nyingine kabisa: alikosa shule mwaka ule wa kwanza wa silabi, au alijifunza mapema kujificha kwenye sauti za wenzake na hakuna aliyemgundua mpaka ulipokuja wewe. Kwa picha ya daftari, watu walio mbali hawawezi kuzitenganisha sababu hizi. Wewe pia huwezi, wala mimi. Saa sita za video zilikusudiwa kukufundisha kuangalia na kusaidia. Kutaja hali ya mtoto ni kazi ya aliyesomea kupima.

Neno lako kuhusu madrasa limeniuma zaidi, na nadhani ndilo lililomuuma mama. Si kweli kwamba maandishi mawili humletea mtoto disleksia. Watoto wa pwani hii wamesoma Kiarabu kutoka kulia na kitabu cha shule kutoka kushoto vizazi na vizazi. Kisha hebu fikiri ulichomwambia mama: pale pahali pekee ambapo mwanawe anasimama mbele za watu akasifiwa, apunguze. Ungeligeuza jambo hilo ungeliona hazina. Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima kwa sikio ana kumbukumbu ya sauti ambayo wengi hawana, na ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akiitumia kukudanganya na kile kitabu. Haikuwa hila ya mtoto mbaya. Alikuwa akijisitiri asiaibike.

Kuna sentensi uliyoipita mbio: "nikapiga picha daftari lake nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp." Jina lake lilikuwa juu ya daftari? Jina la shule? Ulimwomba mama yake ruhusa? Ifute leo, na uwaombe wasimamizi wa kozi waifute na wao. Kozi nzuri hukutaka ufiche jina la mtoto kabla ya kumtaja, na kama yako haikusema, basi hapo yenyewe ilipungukiwa.

Sasa nije kwenye vyeti. TSC wana mpango wao wa kuendeleza taaluma ya walimu, TPD, uliozinduliwa 2021. Unatolewa na taasisi zilizoteuliwa na Tume yenyewe. Ulipoanza zilikuwa nne: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu, na ada ilitangazwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwaka. Cheti cha chuo cha nje ambacho hakijateuliwa usikilipie ukitumaini kitahesabiwa humo. Nenda ofisi ya TSC ya kaunti ukaulize, na jibu wakupe kwa maandishi. Ukiwa na hamu ya elimu maalum kweli, na naona unayo, basi iko KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalum pale Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa 1986 kwa kazi hiyohiyo. Imefunza walimu wengi kwa masafa, mwalimu akibaki kazini kwake na kukutana ana kwa ana wakati wa likizo. Ukifika siku ya kutumia 38,000, anza kuuliza huko.

Kwa sasa, lakini, soma vya bure. The Open University ya Uingereza ina kozi fupi za bure kwenye tovuti yake ya OpenLearn, zikiwemo za elimu jumuishi, yaani kumfunza mtoto mwenye changamoto pamoja na wenzake. Chuo hichohicho, pamoja na vyuo vya Afrika, kina mradi wa TESSA tangu 2005, uliotengenezwa kwa ajili ya walimu wa Afrika kusini ya Sahara, na sehemu ya vitabu vyake iko kwa Kiswahili. Pakua ukiwa penye wifi, ukae nacho kwenye simu. Hata stima ikipotea na bando likiisha, unacho.

Kozi yoyote utakayoitazama, ya bure au ya pesa, ipime hivi. Je, inakutuma darasani ujaribu kitu kisha urudi useme kilikwendaje? Yuko mtu mwenye ujuzi atakayesoma ulichoandika akakujibu wewe, au ni mashine tu ya kuhesabu majibu sahihi? Je, mifano yake yaweza kufanyika kwenye darasa la watoto 58 na kabati moja la vitabu, ama kila mfano una watoto kumi na mbili na mwalimu msaidizi? Ile ya kwanza yako, kwa ulivyoielezea, ilikupa maneno mapya bila kukupa kazi ya Jumatatu. Ndiyo maana ulipotoka ulikwenda kuyatumia yale maneno, na mtu wa kwanza kuyapokea akawa yule mama.

Tafuta pia mwalimu mwenzako mmoja msome pamoja. Mnapakua mara moja mnagawana, na muhimu zaidi, anakaa nyuma ya darasa lako dakika kumi wewe ukifundisha, nawe unakaa lake. Kuhusu mume wako sitasema mengi, hakukosea kutaka kukuona. Chagua usiku wa siku mbili za kusoma, mwambie ni zipi, siku nyingine simu iweke mbali.

Kazi ya Jumatatu yenyewe ni hii, na anza nayo hata kijana hajarudi, kwa sababu katika watoto 58 hayuko peke yake. Chukua watano, dakika kumi na tano, vifuniko vya soda mkononi. Sema neno, mtoto asogeze kifuniko kimoja kwa kila silabi anayoisikia, bila kuandika chochote. Ki-ta-bu, vitatu. Kisha mpe "mtu". Wengi watasogeza kimoja, kwa sababu ile m hawaihesabu. Vinatakiwa viwili, m-tu. Mpe "mpira", mpe "nyumba", mpe "ngoma" kisha "ng'ombe" asikie tofauti mwanzoni. Akishazisikia silabi ndipo umpe herufi. Fanya hivi kila siku, kidogo kidogo, kabla hujafungua kitabu.

Kijana akirudi, hadithi atunge mwenyewe, wewe uandike vilevile atakavyosema. Lakini huyu ni hodari wa kuhifadhi, mara mbili tu ataihifadhi na kidole kitarudi kule chini. Basi kata sentensi maneno kwa maneno kwa mkasi, uyachanganye, ayapange. Hapo kumbukumbu haitambeba, itabidi aangalie.

Na usimhesabie kosa ambalo si kosa. Mtoto wa kwetu akiona "njia" akasoma "ndia", au "jicho" akasema "jito", huyo amesoma. Amelitambua neno, akalitamka kwa Kimvita cha nyumbani kwao. Mfundishe cha shule, ndiyo, lakini usikiandike kwenye orodha ya dalili. Nimewaona walimu waliotoka bara wakijaza kurasa za "makosa ya kusoma" ambayo yalikuwa lugha ya mama tu.

Ya mwalimu mkuu. Msimamo wake wa kuwa watoto hawa wana shule zao haukubaliani na sera ya wizara ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu, inayoweka mbele elimu jumuishi, wala na kifungu cha 54 cha Katiba. Ila usimwendee na Katiba mkononi, hutapata kitu. Shule maalum tunazo, na ni za thamani kwa wanaozihitaji: Likoni kwa wasioona, Ziwani kwa viziwi, Port Reitz kwa walemavu wa viungo. Mwulize ni ipi kati ya hizo anayodhani ni ya mtoto aonaye, atembeaye na anayeshinda darasa zima kwa hesabu za kichwa. Kisha umwombe kitu kidogo awezacho kukupa bila hasara: barua ya kumtuma mtoto kituo cha tathmini ya elimu maalum, kile walimu hukiita EARC.

Vituo hivyo viko Kenya tangu 1984, na kazi ya walimu walioko humo ni kupima watoto wa namna hii na kumwelekeza mwalimu na mzazi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Likoni itakuonyesha pa kwenda. Ripoti yao ina uzito ambao maneno yako na yangu hayana. Ndiyo pia ya kushikilia baadaye mtoto anapoombewa msaada kwenye mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kama muda wa ziada. Lakini kituo hicho mtoto atapelekwa na mzazi wake, kwa ridhaa yake. Ndiyo maana yote haya yanangoja uende nyumbani kwao.

Nenda Jumamosi baada ya Alasiri. Usimwite tena shuleni. Mzazi akiitwa shuleni huja akiwa amejiandaa kusikia baya. Mwite Mama Fulani kwa jina la kifungua mimba wake, kama tuamkuanavyo. Ukikaribishwa mkekani, kaa. Wala usianze na mtoto, anza na makosa yako: nilisema jambo ambalo sikuwa na elimu ya kulisema, na nililosema kuhusu madrasa si kweli, nisamehe. Na la picha mwambie mwenyewe, asije akalisikia kwa jirani. Anaweza kunyamaza muda mrefu. Mwache anyamaze, usijaze kimya hicho kwa maelezo.

Akishasema lake, mwulize yeye. Mtoto huyu akiitwa kutoka chumba kingine huitika? Alianza kusema akiwa na umri gani? Yuko mwingine katika ukoo aliyetaabika kusoma? Ustadhi humfundishaje mpaka akahifadhi vile? Mama ana miaka tisa ya majibu, nawe ulikuwa na darasa la miezi michache. Yaandike ukifika kwako. Mkishakubaliana aende kituoni, nao watayauliza hayohayo.

Kijana akiwapo, mwombe akusomee sura moja aipendayo. Msikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie darasani kuna vifuniko vya soda na wewe huna wa kukusaidia kuvigawa.

Cheti kiache nyumbani. Na simu usiitoe kwenye mkoba.